Ukienda Gofuni, Nenda na Mzee

Mara ya kwanza kwenda kwenye magofu ya Maruhubi, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, nilikwenda peke yangu na kamera. Nilijua kuwa kasri lilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1882, likaungua mwaka 1899, zikabaki nguzo. Nikazipiga picha nguzo, nikarudi. Hadi leo picha zile haziniambii kitu, kwa sababu sikuwa na mtu wa kunisimulia. Tangu hapo nakwenda na wazee, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Anzia kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa au kijiji. Gofu lina mwenyewe hata kama halina paa: familia, wakfu au Serikali. Sheha atakwambia nyumba ilikuwa ya nani, na nani yu hai aliyewahi kulala ndani yake. Huyo wa pili ndiye unayemtafuta.

Usiende wakati wa masika. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, nazo hunywa maji. Paa likishaondoka, mvua huingilia juu, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza kwanza, pale ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo ghorofani usipande, hata kama sakafu inaonekana nzima. Beit al-Ajaib, jumba kubwa la Sultan mjini Zanzibar lililofunguliwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wawili walifariki. Vaa viatu vya kufunga, na mwache mtu nje. Uangalie kila ufa: wa zamani umeshika ukungu na utando wa buibui, mpya una kingo nyeupe. Ukiuona mweupe, toka.

Sasa mzee. Mchukulie kigoda, maana hawezi kukumbuka huku miguu inamuuma. Usimwulize "unakumbuka nini?" Nilimwuliza hivyo bibi yangu, kwenye gofu la nyumba yao upande wa Bububu: "Bibi, hapa palikuwa na nini?" Akanijibu, "Nyumba, mjukuu wangu." Nikanyamaza. Akaenda ukutani, akatia kiganja ndani ya kidaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu, akapapasa hadi nyuma.

"Hapa ndo mama akiweka kibatari. Mie nilikuwa sifikii, nikipindua kinu nikapanda."

Nilipomulika tochi, chini ya ukungu, weusi wa moshi bado ulikuwepo. Tangu siku hiyo nauliza kwa vitu na kwa njia: ukitoka jikoni ukipita wapi? Maji mkiyateka wapi? Nani akilala karibu na mlango? Mkono na mguu hukumbuka kabla ya ulimi.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi, simu iwe mahali anapoiona. Ukiandika, yaache maneno yake kama alivyoyasema, Kipemba kiwe Kipemba na Kitumbatu kiwe Kitumbatu. Usimsahihishe.

Kuna nyumba zilizoachwa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wakaja kukaa watu wengine, nao wakazaa na kulea humo. Nyumba kama hiyo ina wenye kumbukumbu wa aina mbili, na mimi naona ni dhuluma kuwasikiliza wa upande mmoja tu. Waendee wote, kila mmoja kwa wakati wake. Mzee akikata maneno katikati, mwache. Usimvute.

Kule Pujini, Pemba, kwenye boma la Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa huko, utaoneshwa kisima chenye ukuta katikati, na utaambiwa ulijengwa ili wake zake wawili wasionane. Usikimbilie kuuliza ushahidi. Andika nani amekusimulia na yeye alisimuliwa na nani, kwani mnyororo huo nao ni historia.

Ukikuta ubani au kitambaa kimefungwa, usikiguse. Wala usiondoke na kitu, hata msumari wa mlango.

Ukimaliza, nakala ya kwanza ni ya mzee, iliyochapishwa kwenye karatasi, si ya kwenye simu. Nilimpelekea bibi picha ya kidaka. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu.

"Na kisima je? Mbona hukukipiga?"

Tunarudi Jumamosi.