Usimtege kambo na "Miye ni nani?"

Ukienda Katuba kumsalimu kambo mwenye ugonjwa wa kusahau, usimfanyie mtihani wa "Miye ni nani?" Anza wewe: "Jambo kambo, ni miye Kalenga, mtoto wa Feza," kisha mpe kazi ya mikono, kama kuchagua maharagwe. Alzheimer, aina ya ugonjwa huo wa kusahau, kwa kawaida huwahi kuharibu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosajili mambo mapya, ndiyo maana ziara ya jana imefutika. Mazoea ya mikono hupita njia nyingine na hudumu zaidi. (Akianza kutia maharagwe mdomoni, yaondoe, mabichi yana sumu.) Ugonjwa ukikomaa, mbinu hii haisaidii tena. Na akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, usiseme ni uzee: huenda ni malaria au maambukizi ya mkojo, mpeleke hospitali.