Jinsi ya kuandika hadithi ya mama Mkristo wa enzi za Mjerumani

Wengi wakitaka kuandika hadithi za Kikristo za zamani wanaanza na "enzi za mkoloni" basi, hakuna mwaka hakuna mahali, mama anateseka, anaomba, anapona, mwisho. Usianze hivyo. Chagua mwaka mmoja na sehemu moja. Mi ngoja nitumie Songea ya 1906, maana Majimaji ilianzia kwa Wamatumbi Julai 1905 kwenye ugomvi wa pamba, ikasambaa mpaka Ungoni, misheni ya Peramiho ikachomwa, alafu Februari 27, 1906 Mjerumani akawanyonga wakubwa wa Wangoni. Mama yako mweke hapo: mjane, watoto wawili, kabla ya vita alikuwa mkatekumeni, yaani anafundishwa dini akisubiri kubatizwa.

Sasa kagua kila anachoshika. Anatumia rupia na heller, shilingi bado (na neno hela tunalotumia mpaka leo limetoka hapo hapo kwenye heller). Usiandike Tanganyika, hilo jina kaja nalo Mwingereza. Na hii ndo inawaponza wengi: wanamwekea Biblia chini ya mto ananukuu mistari kama ya kanisani kwetu leo, wakati Union Version, hiyo Biblia ya Kiswahili tunayoisoma, imetoka 1952! Alafu huyu kafundishwa na Wabenediktini, watawa Wakatoliki wa Peramiho, labda hata kusoma hajui, imani yake iko masikioni, sala alizokaririshwa na katekista. Mwache achanganye maneno ya sala, aruke mstari, arudie. Msomaji atamwamini zaidi kuliko mama anayehubiri.

Njaa ndo iko moyo wa kitabu chako, ipe nafasi. Mashamba na maghala yalichomwa makusudi ili watu wasalimu amri, na njaa iliua wengi kuliko risasi. Lakini usiandike "aliteseka sana kwa njaa", hiyo haina kitu. Mpe kibuyu cha mbegu za ulezi alichofukia, mtoto mdogo anamwuliza kila jioni kuna nini chini pale, na yeye anajua akizipika leo mwakani hana cha kupanda. Kurasa 3 za kibuyu tu zinatosha, machozi weka kidogo.

Pia usimfanye padre mzungu ndo mwokozi wa kila sura. Imani ilikuja na watu wa rangi ile ile ya walioleta bunduki, na baadhi ya walionyongwa walibatizwa kabla ya kamba. Fikiria mama akisikia mumewe kabatizwa hivyo, afurahi au ateme mate? Usimjibie haraka. Akae na hilo swali hata sura 5, aende kanisani siku moja, siku nyingine agome.

Utafiti: Makumbusho ya Majimaji yapo Mahenge, Songea mjini, ukiweza nenda wakati wa kumbukumbu za Februari. Ila ukikaa na bibi wa huko usimwulize vita, atakutajia wanaume tu kama walivyomsimulia. Mwulize njaa ikiingia watu walikuwa wanachimba mizizi gani, inaoshwaje sumu, nani anakula kwanza, mjane alikuwa analala kwa nani. Na uende na daftari, simu inawanyamazisha.