Mgongo wa chini unaouma kila siku: namna ya kuupimia kazi

Msimu wa kulima ukianza, Machi na tena Septemba, benchi la nje ya chumba changu hapa Busia, upande wa Uganda, hujaa watu walioshika viuno: akina mama wa mashamba, madereva wa malori waliokwama mpakani, vijana wa boda. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Mwongozo huu ni wa wale ambao kiuno kimewasumbua zaidi ya miezi 3. Maumivu ya wiki moja ni habari nyingine, mengi huondoka yenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha si ugonjwa mwingine

Nenda hospitali leo leo ikiwa mkojo au choo kinakutoka bila kujijua, ikiwa mkojo umegoma kabisa, ikiwa sehemu inayogusa tandiko la baiskeli ukikaa imekufa ganzi, au ikiwa miguu inazidi kulegea. Usiache wiki hii ipite kama mgongo umekuja na homa, jasho la usiku na kukonda, au umewahi kuugua saratani, au ulianguka vibaya. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye pingili za mgongo. Brusela nayo, ile ya maziwa mabichi, huuma kiuno na viungo. Magonjwa hayo yana dawa zake, na zoezi langu haliyaponyi.

Wengi hufika wameshajipima: "Musawo (daktari), ni figo." Figo ziko juu zaidi ya hapo unaposhika, karibu na mbavu, na kwa kawaida hazijali kama umeinama au umesimama.

Hatua ya 2: Usiogope picha

Mtu akiambiwa "diski zimechakaa", yaani ile mito laini kati ya pingili za mgongo, hurudi nyumbani akitembea kama aliyebeba mayai. Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya picha za mgongo za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa chochote. Walikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni kama mvi. Mgongo ulioumwa muda mrefu mara nyingi haujavunjika popote. Misuli imelegea kwa kukaa bure, na mishipa ya fahamu imekuwa kama mbwa aliyeumwa na nyoka, anabwekea hata kamba.

Hatua ya 3: Pima dozi ya kazi

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mama mmoja mkulima wa maharage aliniambia: "Juzi mgongo ulikuwa umetulia, nikaona nimalize kipande chote." Alilima siku moja, akalala siku tatu. Mgongo ukitulia tena, akarudia. Baada ya miezi kadhaa hata kufagia uwanja kulimshinda. Siku nzuri ndizo zilizokuwa zikimuumiza.

Fanya hivi. Kwa siku tatu angalia saa: unalima dakika ngapi kabla maumivu hayajaanza kupanda? Tuseme 30. Basi dozi yako ni 20, tega kengele ya simu. Simu ikilia, weka jembe chini hata kama uko katikati ya mstari, badilisha kazi kwa dakika chache, tembea, pukuchua mahindi, kisha rudi kwa dakika 20 nyingine. Siku nzuri ni 20 vilevile. Siku mbaya punguza ziwe 10, lakini jembe lishikwe. Kila wiki ongeza dakika 2.

Simu ya mama huyo haikuwa na chaji hata siku moja, kwa hiyo alichomeka kijiti cha muhogo mwisho wa mstari wa 4. Akikifikia, anaacha. Nakiri kijiti kile ni bora kuliko kengele: jembe likikolea, nani anasikia simu?

Hatua ya 4: Mazoezi matatu ya mkekani

Asubuhi na jioni, polepole, bila kubana pumzi.

Lala chali, magoti yakunjwe. Vuta goti moja kifuani, hesabu mpaka 10, badilisha. Mara 5 kila upande.

Ukiwa hapohapo, kanyaga chini na uinue makalio mpaka tumbo na mapaja vinyooke. Hesabu 5, shusha. Mara 8.

Kaa kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kisha badilisha. Mwambie mwanao akuwekee kikombe cha plastiki chenye maji kiunoni. Kikimwagika unayumba, usiinue mguu juu sana.

Ukiuma kidogo si neno, mradi kesho asubuhi uwe pale ulipokuwa. Maumivu yakishuka chini ya goti, acha zoezi hilo uonane na mtaalamu.

Hatua ya 5: Maji na pikipiki

Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20 na zaidi. Kichwani haina shida sana. Shida ni kuitoa ardhini. Usijitwike mwenyewe, omba mwenzako akutwike, au beba mbili za lita 10, moja kila mkono. Wa boda: toa pochi mfuko wa nyuma, na kila saa moja shuka utembee.

Hatua ya 6: Dawa na mikanda

Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ni ya siku chache, baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha au mimba aulize kwanza, hata kama duka la dawa halimuulizi. Mikanda ya kiuno inayouzwa barabarani, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwezi Desemba 2023 isitumike kama tiba ya kawaida ya maumivu haya. Weka hela yako.

Mgongo ukikurudia

Utakurudia, labda baada ya msiba na usiku wa kukaa chini. Usipande kitandani. Rudi nusu ya dozi kwa siku mbili tatu, mazoezi yaendelee. Mama wa maharage alikuwa amefika mstari wa 7 uliporudi. Akakichomoa kijiti, akakichomeka wa 3.