Namna ya Kuagana na Duka la Baiskeli Linalofungwa

Katika mji kama Tanga, ambako ardhi ni tambarare na baiskeli hupandwa na wazee, wanafunzi na akina mama waendao sokoni, habari ya kufungwa kwa duka la baiskeli huenea mtaani kabla fundi mwenyewe hajaitamka. Sababu huwa ni zile zile: bodaboda zimechukua abiria na mizigo, watoto wa fundi wameshika kazi nyingine, au magoti ya mzee yamechoka kuchuchumaa. Usizijadili naye mpaka azianze yeye. Kilichomo mikononi mwako ni kuagana naye vizuri, na kuagana huko hakungojei siku ya mwisho. Huanza wakati duka bado lina vifaa na fundi bado ana nafasi ya kuzungumza.

Nenda asubuhi, kabla wateja hawajajaa, umpe shikamoo yake kama siku zote, kisha mmalize hesabu zenu kabla ya jambo lolote jingine. Fundi wa mtaani hukopesha kwa kuaminiana, kiraka leo na fedha kesho, na mara nyingi kesho hiyo husahaulika. Kwa hiyo usimuulize kama anakudai, kwa kuwa muungwana atajibu kwamba hakuna kitu. Taja mwenyewe unachokikumbuka, na usipokumbuka, mpe kiasi ambacho nafsi yako inaridhika nacho, useme ni cha upepo wote uliojaziwa bure. Hapo ndipo pa kuombana radhi, jambo ambalo watu wa pwani hawaliachi wanapoachana. Inatosha kusema, "Fundi, tumekaa pamoja siku nyingi, kama niliteleza kwa neno au kwa deni, naomba uniwie radhi." Naye atakujibu kwa ombi kama hilo, na mazungumzo yaendelee.

Kisha mpe baiskeli aikague kwa mara ya mwisho, nawe uwe na daftari, maana kitu kikubwa kitakachoondoka na duka hilo ni ujuzi wake kuhusu baiskeli yako. Anza na tairi. Watu husema "tairi la 28" wakadhani wamemaliza, ilhali tairi la 28 x 1½ la baiskeli nzito za chuma hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635, na lipo tairi jingine liitwalo 28 ambalo rimu yake ni milimita 622. La kwanza litapwaya kwenye rimu ya la pili, na la pili halitaingia kwenye rimu ya la kwanza hata ulivute kwa nguvu zako zote. Tairi la 26 nalo lina utata huo huo: 26 x 1⅜ ni milimita 590, wakati lile pana la baiskeli za milimani ni 559. Namba hizi mara nyingi huchapwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 40-635, nawe zinakili kabla hazijafutika. Hesabu pia spoku, kwa sababu baiskeli nyingi za mtindo wa zamani wa Kiingereza zina 32 mbele na 40 nyuma, na ukinunua rimu ya matundu 36 utakuwa umetupa fedha. Muulize kotapini, zile pini zinazobana mikono ya pedali kwenye ekseli yake, alizokuwa akikufungia ni za milimita 9 au 9.5. Mwisho, nakili namba ya fremu, na kama baiskeli uliinunua kwake, mwombe akuandikie risiti yenye namba hiyo; siku ikiibwa utaihitaji.

Akikubali, shika spana wewe, yeye akuelekeze. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kufuata mwendo wa saa, kinyume cha ile ya kulia, na wengi huharibu hesi zake kwa kutolijua hilo. Jifunze pia kupima cheni: pingili zake kamili kumi na mbili (kila moja ni ya ndani na ya nje pamoja) zina urefu wa inchi 12, na zikizidi kipimo hicho kwa moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha na inaanza kuyala meno ya gia. Kwa chumvi ya upepo wa bahari yetu, kitambaa chenye mafuta kila wiki si anasa.

Ukinunua vifaa vya kuweka, chagua vidogo vya chuma: kotapini, gololi na spoku za urefu wa zile za baiskeli yako, uvipake grisi na kuvifunga. Usirundike matairi na tyubu, kwani mpira hukauka na kupasuka hata usipotumika, hasa katika joto. Bei usiikamue, kupunguziwa kidogo ni sawa, lakini kumbana mtu anayefunga duka ni utovu wa adabu. Vyombo vyake vya kazi usiviulizie kabisa, kwa kuwa vina wenyewe: vijana aliowafundisha.

Majirani wakitaka kumkusanyia kitu, wamkabidhi ndani ya bahasha baada ya alasiri, kwa kahawa na halua, na hotuba iwe moja tu na fupi. Picha zipigwe kwa idhini yake. (Wapo watakaofika siku hiyo na simu mkononi ambao hawakuwahi kununua hata kipira cha valvu, wavumilie.) Zikiwapo baiskeli zilizoachwa na wateja nyuma ya duka, msaidie kuwatafuta wenyewe, kwani amana hiyo inamkera kuliko anavyoonyesha.

Kabla hajafunga, mwombe akutambulishe kwa fundi anayemwamini, ikiwezekana mwanafunzi wake. Mpelekee huyo daftari lako pamoja na kazi ndogo kwanza, kama kubadilisha raba za breki, kabla hujamkabidhi rimu ya kunyoosha.