Namna ya Kufuatilia Historia ya Jengo la Zamani la Mahakama ya Kaunti

Anayetaka kuandika historia ya mahakama ya zamani asianze na kibao kilichobandikwa mlangoni, bali aanze na hati ya kiwanja, kwa kuwa ndiyo inayoeleza ni nani aliyeitoa ardhi na kwa sharti gani. Mfano mzuri ni Mahakama Kongwe ya St. Louis, jimboni Missouri, Marekani. Kiwanja chake kilitolewa mwaka 1816 na Auguste Chouteau na John Baptiste Charles Lucas kwa sharti kwamba kitumike daima kwa mahakama ya kaunti, mithili ya wakfu. Mahakama zilipohamia jengo jipya mwaka 1930, warithi wa watoaji hao walifungua kesi wakitaka warudishiwe mali yao, wakashindwa. Asiyeisoma hati hataelewa chanzo cha ugomvi huo.

Baada ya hati, tenganisha umri wa kila sehemu. Mahakama ya kwanza ya matofali ilikamilika mwaka 1828, jengo kubwa zaidi likaanzwa mwaka 1839, na kuba la chuma tunaloliona leo, kazi ya William Rumbold, ni la miaka ya 1860. Kwa hiyo kesi maarufu ya mwaka 1847 ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, haikusikilizwa chini ya kuba hilo, ingawa picha nyingi huwafanya watu wadhani hivyo.

Kazi kubwa imo katika majalada ya kesi, na hapa usifanye haraka. Dred Scott na mkewe Harriet, waliokuwa watumwa, walidai uhuru wao katika mahakama hii mwezi Aprili 1846. Walishindwa mwaka 1847, wakashinda mwaka 1850, kisha Mahakama ya Juu ya jimbo la Missouri ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1852. Shauri jipya lililofunguliwa mwaka 1853, lililofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kukataliwa mwaka 1857, lilikuwa la mahakama ya shirikisho na lilisikilizwa katika jengo jingine mjini humo, jambo ambalo waandishi wengi hulichanganya. Ila baada ya hukumu hiyo, akina Scott walirudi katika mahakama ileile ya kaunti, mwezi Mei 1857, kupata hati za uhuru waliopewa na mmiliki wao. Soma pia majalada ya mirathi, maana ngazi za jengo hilohilo zilitumika kuwanadi watumwa wa marehemu. Mwandishi anayetaja uhuru na kuuficha mnada ameandika nusu ya historia.

Mabadiliko ya matumizi yaliyofuata yanahitaji mistari michache tu: jiji lilijitenga na kaunti katika miaka ya 1870, na mwaka 1940 jengo likakabidhiwa serikali ya shirikisho, ambayo imelifanya makumbusho ndani ya hifadhi ya taifa.

Mwisho, linganisha ramani za vyumba za zamani na vyumba unavyooneshwa. Chumba kilichosikiliza kesi ya akina Scott hakipo tena, kwani kiligawanywa na kukatwa ukumbi wa kupitia. Vyumba vya mahakama vilivyokarabatiwa orofani ni vya wakati mwingine. Ukivipiga picha, andika chini yake ni vya miaka gani.