Una injini ya petroli ya 20cc mkononi, uifungie ndege gani?

Wadau, hii inawatokea wengi, mtu kapata injini ndogo ya petroli ya ndege za modeli, hizi za kurusha kwa rimoti, mara nyingi hizi za 20cc kama DLE-20, kauziwa bei poa na jamaa anayeachana na hobi, afu ndo anaanza kuhangaika kutafuta ndege ya kuivalisha. Anachofanya ni kusoma boksi la ndege limeandikwa cc ngapi, akiona zinalingana analipia. Mi nasema usianzie hapo. Anzia kwenye propela na kwenye mizani, hiyo cc itajipanga yenyewe baadaye.

Kwanza tuziweke sawa hizi namba maana zinachanganya. Ndege nyingi za zamani, na hata za sasa, zimeandikiwa injini za glo, zile za kunywa methanoli na nitro, na zinahesabiwa kwa inchi za ujazo. Inchi moja ya ujazo ni cc 16.4, kwa hiyo .60 ni kama 10cc, .90 ni kama 15cc na 1.20 ni karibu 20cc. Sasa mtego uko hapa: petroli ya 20cc haina nguvu ya glo ya 20cc, inakaa mahali fulani kati ya .90 na 1.20, ila kwa uzito inaipita. Yaani ndege iliyoandikwa 1.20 glo itakufaa, iliyoandikwa .60 itaruka kwa nguvu zote lakini pua itakuwa inaangalia chini muda wote.

Na uzito usihesabu injini peke yake. DLE-20 yenyewe ni kama gramu 650, ignisheni yake, ile boksi ya CDI kama ya bodaboda, ni gramu 120 hivi, ongeza ekzosi, betri ya ignisheni, swichi, boliti na vitako vya kuisogeza mbele, unafika karibu kilo nzima imening'inia puani. Ndo maana nawakataza watu kuichukua Sig Kadet Senior kwa injini hii. Bawa lake lina kama mita 2, mtu anaona refu anadhani ndege ni kubwa, kumbe imejengwa nyepesi kabisa, inaruka na kama kilo 3 tu na ilikusudiwa glo ya .40. Ukiipa 20cc utajaza madini ya risasi mkiani mpaka senta ya uzito irudi mahali pake, na hapo umeshaharibu kile kitu kilichoifanya ndege iwe nzuri. Senior Telemaster nayo ina bawa la mita 2.4 lakini bado ni ya 10cc hadi 15cc, ukiitaka kwa 20cc basi uwe umejipanga kuimarisha pua na uipe gesi kwa adabu.

Twende kwenye propela. Injini hii inakula 16x8, 17x6, 15x8 na za karibu na hapo, namba ya kwanza ni urefu kwa inchi na ya pili ni pichi, yaani propela ingesogea inchi ngapi mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa ingekuwa haitelezi. Chukua ile ya inchi 16, ni sentimita 40 na kidogo, nusu yake ni sentimita 20. Sasa weka ndege unayoitaka mezani, inua mkia mpaka ikae kama inavyoruka, pima kutoka mezani hadi katikati ya shimo la shafti. Ukipata sentimita 22 achana nayo au ubadilishe miguu, maana ukitua kwenye nyasi miguu ikabonyea kidogo tu propela imekwisha. Mi nataka 25 au zaidi, kwenye uwanja wa mpira wa mtaani ongeza tena. Usinunue ndege afu ukafunga propela fupi ili ipite, injini itazunguka kupita kiasi, itapiga kelele na mvuto utakuwa kiduchu.

Pichi ndo inakwambia ndege ya aina gani. Hesabu ni nyepesi: pichi kwa mita mara mizunguko kwa dakika mara 60, afu gawa kwa 1,000 upate kilomita kwa saa. Pichi ya inchi 8 kwa mizunguko 8,000 inakupa kama kilomita 97 kwa saa, pichi ya 6 inakupa 73. Sasa chukua Piper J-3 Cub ya robo skeli. Cub halisi bawa lake ni mita 10.74, kwa hiyo robo yake ni karibu 2.69, na eneo la bawa linakuja kama mita moja ya mraba. Ikiwa na kilo 7 na nusu itaanza kudondoka ikishuka chini ya kama kilomita 34 kwa saa. Ndege ya hivi haina haja ya mwendo, inataka kitu kinachosukuma hewa nyingi polepole, 17x6 inaikaa vizuri sana na 20cc inatosha kuirusha kama Cub inavyotakiwa kuruka, yaani taratibu, bila kupanda wima. Anayetaka kupanda wima na Cub aende 30cc, ila mi sioni raha yake.

Kama hii ni petroli yako ya kwanza, mi nakupeleka moja kwa moja kwenye Stick. Ni ule muundo wa Phil Kraft wa Marekani wa miaka ya 1960, bodi kama boksi, bawa juu, injini iko nje uchi. Tafuta yenye bawa la mita 1.9 mpaka 2 na uzito wa kilo 5 hivi. Injini ikiwa nje unaiona kabureta, unafika kwenye sindano zake bila kufungua kitu, plagi unaitoa kwa sekunde, na haipati joto kwa sababu hakuna kava. Ukishaizoea injini ndo uje kwenye Extra 300, ile ya sarakasi, yenye bawa la mita 1.8, au ndege za kivita. Na kwenye za kivita angalia pua, P-47 ina pua nene ya duara inameza injini yote, P-51 pua yake nyembamba, kichwa cha silinda kitatokeza nje na utakata kava mpaka roho ikuume. Kava yoyote ile, tundu la kutolea hewa liwe kubwa mara 2 hadi 3 ya la kuingizia, la sivyo utachemsha injini.

Kitu ambacho picha za kwenye duka hazionyeshi ni ule ukuta wa mbele unaofungiwa injini. Petroli ya silinda moja inatingisha kuliko glo, inatingisha hasa ikiwa sailensa, yaani inanguruma polepole bila gesi. Gonga ukuta kwa kidole, chungulia ndani kwa tochi, unataka plaiwudi ya milimita 6, na kona zimejazwa epoksi, sio gundi ya moto iliyochuruzika upande mmoja. Ukiona balsa tupu, ule mti mwepesi laini, inashika huo ukuta, pita. Ndani pia uone kama kuna nafasi ya tenki ya mililita 300 hadi 400 na kama ignisheni inaweza kukaa mbele huku risiva, ile inayopokea mawimbi ya rimoti, ikakaa nyuma, ziachane sentimita 30 au zaidi. Mpira wa mafuta uwe wa petroli, ule wa silikoni wa glo petroli inauvimbisha unachomoka wenyewe, na kizibo cha tenki hivyo hivyo.

Oili ya kuchanganya na petroli fuata kitabu cha injini, 30 kwa 1 ni mililita 33 za oili kwa lita ya petroli. Watu wa pwani msichukue ile ya mashine za boti iliyoandikwa TC-W3, hiyo ni ya injini zinazopozwa na maji. Tafuta iliyoandikwa JASO FC au FD.

Walioko Nairobi wajue kuwa kwa mita 1,700 juu ya bahari hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko Mombasa au Dar, injini inapoteza karibu kiasi hicho na bawa nalo linataka mwendo zaidi. Kwa hiyo ukisoma ndege inafaa kilo 4 hadi 5 na nusu kwa 20cc, we chukua upande wa nyepesi.

Na wale wa injini ya brashikata, ile mashine ya kufyekea nyasi, najua mpo. Inawezekana, Zenoah ya Japani imetengeneza injini za mashine za nyasi na za ndege miaka mingi tu. Ila hata ukivua klachi na staata ya kamba bado limebaki flaiwili la sumaku, na 43cc ya kufyekea haina nguvu ya 43cc ya ndege. Ipime kwa mizani kwanza, afu itafutie ndege pana yenye pua fupi.

Kabla hujaagiza chochote, ulizia mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, kuhusu vibali, forodha inaweza kukushikia boksi.

Ikishafungwa yote, funga mkia kwa kamba kwenye mizani ya kuning'iniza, mtu ashike bawa, wote mkae nyuma ya propela, fungua gesi yote usome. Cub ikivuta zaidi ya nusu ya uzito wake inaruka vizuri, Stick nataka isogelee uzito wake wote, ya sarakasi iupite. Ikipungua badilisha propela kwanza, jaribu 17x6 mahali pa 16x8, upime tena.