Treni imechelewa au imefutwa: namna ya kudai fidia, kwa wasafiri wa Malindi

Kila likizo naulizwa swali lile lile na wenzetu wanaoshuka Mombasa kupanda treni ya Madaraka pale Miritini: safari ikifutwa na shughuli ya Nairobi ikapotea, nani alipe? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma, na kinasema waziwazi kwamba haki hiyo inahusu pia huduma za taasisi za umma. Shirika la Reli ni la serikali. Likimlipa abiria halimfanyii hisani.

Hatua ya kwanza: tunza tiketi na ujumbe wa M-Pesa. Tiketi ya karatasi ipige picha siku hiyo hiyo, maana maandishi hufifia kwa joto la mfukoni.

Hatua ya pili: piga picha ubao wa ratiba kituoni, saa ionekane.

Hatua ya tatu: andika barua ya madai yenye tarehe, treni uliyokatia tiketi, hasara yako kwa risiti, na kiasi unachodai. Peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya nne ndiyo inayoangusha wengi. Pamoja na madai, omba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kwa sababu bila kumbukumbu rasmi ya chanzo cha kuchelewa utabaki kubishana kwa maneno matupu. Ombi hili liwe barua ya peke yake. Ukilichanganya na madai, ofisi itajibu sehemu iliyo nyepesi, nyingine ilale. Usiulize “kwa nini mlichelewa?”, kwani utajibiwa “hitilafu ya kiufundi” na mambo yataishia hapo, omba hati: ripoti ya tukio la tarehe fulani, treni fulani, na tangazo walilopewa abiria. Sheria inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, haikulazimishi kutaja sababu, na inampa afisa siku 21, ambazo anaweza kuongeza mara moja kwa siku zisizozidi 14. Muda huo ukipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, nawe unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Tafadhali usingoje miezi.

Hatua ya tano, ikibidi mahakama: Sheria ya Shirika la Reli inataka notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla ya kesi, na kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12. Anayesubiri jibu la simu mwaka mzima hujikuta mlango umefungwa.

MASWALI

Swali, Watamu: Mwalimu, nitapata pesa ngapi?

Jibu: Somo halikutaja kiwango, kwa kuwa kifungu cha 46 hakina jedwali. Unadai hasara unayoweza kuithibitisha. Rudi hatua ya tatu.

Swali, Maweni: Nilitupa tiketi. Niandikie barua nami nitie sahihi tu.

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Tafuta ujumbe wa malipo kwanza, kisha uandike mwenyewe, kwani hasara yako unaijua wewe.

Swali, Gede: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko Ujerumani, anasema huko kuna viwango maalumu. Kwetu haviwezekani?

Jibu: Marahaba, mama, na ahsante kwa swali zuri. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinampa abiria robo ya nauli treni ikichelewa dakika 60 hadi 119, na nusu ikifika 120 au zaidi, ingawa kuna dharura zinazomwondolea mwendeshaji wajibu huo. Faida yake ni kwamba abiria hahitaji kuthibitisha hasara. Saa ya kufika inatosha. Kwetu viwango hivyo vyaweza kuombwa: kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni ili sheria itungwe au irekebishwe. Wakusanyeni abiria wenzenu wa Gede na Malindi, na kila mmoja aambatishe nakala ya madai yake yenye muhuri.

Swali, Shela: Je, nauli ya matatu ya kutoka Malindi naijumuisha?

Jibu: Ijumuishe, dada. Mwombe kondakta risiti kabla hujashuka. Akiwa hana, lipa kwa simu.